Kung'aa Si Usafi

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kikisha kung'aa kimekwisha kuwa safi. Mwenye nyumba hufuta vumbi, humwaga maji, hukiinua chombo juani na kukitazama; akiona nuru yapenya, husema, "Basi, kazi imekwisha." Walakini uchafu ulio wa hatari zaidi hauonekani kwa macho, na mara nyingi hukaa ndani ya chombo kinachopendeza. Neno hili ni kweli kwa sufuria, kwa mtungi, kwa bidoni ya maji, na tena kwa moyo wa mtu. Sisi tulilisoma neno hili katika kazi ambayo wengine wataiona ni ya mchezo: kulisafisha sanduku la kioo la kufugia samaki, pamoja na vyombo vyake vyote, ili litumike tena baada ya kuachwa.

Yafaa kwanza tueleze sanduku hilo ni kitu gani. Katika lugha za Ulaya huitwa akwariamu. Ni sanduku lenye kuta za kioo; hutiwa maji, mchanga, mawe na majani ya majini, na ndani yake hukaa samaki, ili watu wapate kuyaona maisha yao bila kuwatoa majini. Miongoni mwa walioanza kuyatumia masanduku hayo kwa ajili ya elimu alikuwa mwanamke wa Ufaransa, jina lake Jeanne Villepreux-Power. Baba yake alikuwa mshona viatu, naye mwenyewe alikuwa fundi wa kushona nguo. Alipokwenda kukaa Messina, katika kisiwa cha Sicily, alitaka kujua kama mnyama mmoja wa baharini hujijengea gome lake mwenyewe au huliiba kwa mwingine. Mwaka 1832 akatengeneza masanduku ya kioo, akawaweka wanyama hao ndani, akawatazama siku kwa siku mpaka akaupata ukweli: gome ni lao, hulijenga wenyewe.

Sisi wa pande hizi twahusika na jambo hili kuliko tunavyodhani. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, nalo ni la pili duniani kwa kina. Ndani yake mna aina zaidi ya 200 za samaki wa jamaa ya perege, na karibu wote hawaonekani mahali pengine popote. Mwaka 1898 mtaalamu Boulenger, aliyefanya kazi London, aliandika habari za samaki mdogo wa mawe wa ziwa hilo, akampa jina Tropheus moorii kwa heshima ya Moore, msafiri aliyemkusanya. Mwaka 1946 na 1947 Wabelgiji walilichunguza ziwa lote, na mtaalamu Max Poll alikuwa pamoja nao. Kisha, katika miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alikaa Bujumbura akiwapeleka samaki hai ng'ambo kwa ndege. Na mwaka 1974 Poll alimpa samaki mmoja jina la huyo Brichard. Hivyo leo mtoto wa Berlin aweza kumtambua samaki wa mawe ya Tanganyika na kumlisha kila asubuhi, lakini watoto wengi wa kwetu hawajapata kumwona hata mara moja. Wao wawajua ndagala, mikebuka, kuhe na sangala, yaani samaki wa sahani.

Sisi twakaa Piana-Mwanga, katika mkoa wa Tanganyika ambao mji wake mkuu ni Kalemie. Hapa mto Luvua, utokao ziwa Mweru, washuka kwa kishindo kabla ya kwenda kukutana na Lualaba huko Ankoro. Jina la mahali petu lilijulikana kwa sababu ya umeme, maana katika miaka ya 1930 Wabelgiji walijenga hapa bwawa na mitambo ya kuipa nguvu migodi ya bati ya Manono. Baadaye ikaja miaka ya vita na ya umaskini, mitambo ikanyamaza kwa muda mrefu. Kwa hiyo hatuna haja ya kufundishwa ya kuwa mashine ikiachwa huingia kutu, na ya kuwa kubonyeza kitufe peke yake hakuifufui.

Basi, mtu mmoja aliyehama Kalemie alipotuachia sanduku lake la samaki, tulilipokea kwa furaha. Tulikusudia kuliweka katika chumba cha mafundisho, watoto wapate kuwaona samaki wa Luvua wakila, wakigombana, na wakiwalinda watoto wao; kwa maana wako wa jamaa ya perege ambao mama huwaficha watoto kinywani mwake hatari inapokuja. Tuliwaza kwamba mtoto akiona hayo kwa macho yake atamsifu Muumba kwa moyo mkunjufu zaidi.

Sanduku lenyewe lina urefu wa sentimita 80, upana wa 35 na kimo cha 40. Ukizidisha, wapata lita 112, yaani kilo 112 za maji peke yake, bila mawe. Pamoja nalo zilikuja pampu ndogo, chujio lenye sponji, mpira wa kupitishia maji, kipasha-maji, wavu wa mkono, na debe la mawe. Vyote vilipendeza. Wahenga walisema, kipya kinyemi ingawa kidonda. Na kwetu sanduku hilo lilikuwa jipya. Siku ileile watoto walikwisha kuja na samaki wawili ndani ya ndoo.

Hapo ndipo mama mmoja, mwenye kuheshimiwa katika jumuiya yetu, alipotusimamisha. Alikuwa akitoka mtoni. Akaitua bidoni yake chini, akatuuliza:

"Baba zangu, naona mnawatafutia samaki maji safi. Na hawa wajukuu zangu, nani anawatafutia?"

Hakuna aliyecheka. Bidoni ilikuwa ile ya manjano iliyokuwa na mafuta ya kupikia, ambayo Kigoma huiita dumu. Nje imesuguliwa kwa mchanga hadi yang'aa, lakini ndani, ukichungulia, waona utelezi wa kijani umeshika ukuta. Naye mama alikuwa na haki kuuliza. Twaujua ugonjwa wa kipindupindu. Katika Kongo ya mashariki, na hasa kando ya ziwa, Kalemie ni mji mmojawapo ambamo ugonjwa huo hurudi na kurudi. Huja kwa maji na kwa mikono, na huweza kumwua mtu mzima kwa siku moja asipopata maji ya chumvi na sukari na matibabu upesi.

Tulipolifikiri swali lake tulikumbuka jambo la ajabu katika historia. Mwaka 1854 Mwingereza Philip Gosse alitoa kitabu kilichoitwa The Aquarium, na watu wa London wakaanza kupenda sana kuweka samaki na majani ya bahari katika vioo nyumbani mwao. Mwaka uleule, katika mji uleule wa London, kipindupindu kiliua watu wengi karibu na pampu moja ya maji katika mtaa wa Broad Street. Tabibu John Snow alikwenda nyumba kwa nyumba akiuliza kila familia ilikochota maji, akaonyesha ya kuwa mauti yatoka katika pampu ile. Mwezi wa Septemba mpini wake ukaondolewa. Tena mwaka uleule, huko Firenze katika Italia, Filippo Pacini aliwaona kwa darubini vijidudu vya ugonjwa huo. Waona, basi: maji yaliyotazamwa kwa furaha ndani ya kioo, na maji yaliyoua, yalichunguzwa katika mwaka mmoja. Elimu ya maji ni moja.

Kwa hiyo tulimjibu: "Mama, umesema kweli. Kila tutakalolifanyia sanduku, tutalifanyia bidoni pia, na bidoni zitatangulia."

Akasema, "Haya. Nitakuja kutazama."

Wale samaki wawili wakarudishwa Luvua, na Jumamosi iliyofuata watoto wa mafundisho walikuja kila mmoja na bidoni ya kwao. Mama naye alikuja, akaketi juu ya kigoda, akatazama. Sasa tutaeleza kazi ilivyokwenda, ili atakayetaka kufanya vivyo hivyo apate njia.

Jambo la kwanza ni kuuliza. Kabla ya kugusa maji, uliza chombo kilikuwa na nini, na kiliwekwa wapi. Tulimpelekea mwenyewe habari, tukamwuliza: je, samaki wake walikufa kwa ugonjwa? Sanduku limekaa kavu kwa muda gani? Lilikaa ghala gani, pamoja na vitu gani? Akajibu kwamba samaki walikufa mmoja mmoja, wakiwa na vidonda, na kwamba vyombo vilikaa stoo pamoja na dawa ya kuulia wadudu. Majibu hayo yalikuwa na faida kuliko sabuni yote ya dukani. Kwa bidoni tuliuliza vivyo hivyo, na mbili tukaziweka kando zisitiwe maji ya kunywa tena, maana moja ilikuwa na petroli na nyingine ilikuwa na dawa ya shamba. Plastiki hunywa vitu hivyo, na hakuna kuosha kunakovitoa vyote.

Jambo la pili ni kutenganisha. Kioo na mawe magumu havinywi kitu, vyaweza kusafishwa. Lakini sponji, makaa ya chujio, mpira laini na wavu hunywa na kushika. Hivi vyote tulivitupa, ingawa watoto walihuzunika kwa ajili ya wavu. Kipasha-maji nacho tulikiacha: kioo chake kilikuwa na ufa mwembamba kama unywele, na umeme na maji havipatani, tena kwa joto la kwetu samaki wa Luvua hawana haja nacho. Mtu maskini huona vigumu kutupa kitu. Sisi pia ni maskini, lakini sponji ya franki chache ingaliweza kutupotezea kazi yote.

Jambo la tatu ni kuondoa uchafu unaoonekana, na hapa wengi hukosea kwa kutia sabuni. Kwa bidoni ya maji, sabuni ni njema ikisuuzwa sana. Kwa sanduku la samaki usitie kabisa. Sabuni huacha utando katika pembe na katika gundi, na maji yakirudi utando huo huyeyuka na kuyadhuru matamvua, yale ambayo samaki hupumulia. Kwetu maji ya moto kidogo, kitambaa kipya na mikono yenye nguvu vilitosha. Ndani ya bidoni, ambamo mkono hauingii, watoto walitia mchanga safi wa mto na vikokoto na maji kidogo, wakafunga kizibo, wakatikisa huku wakiimba, mpaka ule utelezi wa kijani ukatoka wote. Utelezi huo si takataka tu. Ni nyumba ya vijidudu, wamejifunika humo kama chini ya blanketi.

Juu ya kioo cha sanduku kulikuwa na ukoko mweupe usiotoka kwa kusugua. Huo ni chokaa. Maji ya ziwa Tanganyika yana madini mengi, na yanapokauka huyaacha kiooni. Dawa yake ni siki, au maji ya ndimu. Tulilaza kitambaa kilicholowa siki juu ya ukoko kwa saa nzima, kisha tukaukwangua kwa wembe, tukiulaza wembe na kujihadhari usiikate gundi ya pembeni. Pampu tulifungua, tukakitoa kile kizungushi kidogo cha ndani chenye sumaku, tukakiloweka katika siki. Humo ndimo uchafu hujificha, na watu wengi hawajui hata kwamba pampu hufunguka.

Jambo la nne ni kuua vijidudu, na lije baada ya kuosha, lisitangulie kamwe. Dawa ya javeli, ikikutana na uchafu, nguvu yake huliwa na uchafu huo, nayo haibaki na kitu cha kuulia vijidudu. Anayemwaga javeli juu ya utelezi hupoteza fedha zake. Kwa bidoni zilizokwisha kuwa safi tulitia kijiko kimoja cha chai cha javeli isiyo na manukato katika lita moja ya maji, tukatikisa ili ifike kila mahali, tukangoja, tukamwaga, tukaziacha zikauke. Kwa sanduku na mawe tulitia sehemu 1 ya javeli kwa sehemu 9 za maji, muda wa dakika 15, kisha tukasuuza mara nyingi.

Hapa nusura litokee jambo baya. Kijana mmoja hodari, aliyeona siki imeondoa ukoko na javeli imesifiwa, alishika chupa mbili, moja mkono huu na moja mkono huu, akasema, "Kama kila moja yafaa peke yake, zikiungana zitafaa zaidi."

Mzee mmoja wa kwetu akapaza sauti: "Acha, mwanangu! Weka chini zote mbili!"

Akaweka, akaeleza mzee. Javeli ikichanganywa na siki, au na kitu chochote kikali cha namna hiyo, hutoa hewa ya klorini, nayo huunguza macho na mapafu. Hewa hiyohiyo ndiyo iliyotolewa na jeshi la Wajerumani karibu na mji wa Ypres, huko Ubelgiji, tarehe 22 Aprili 1915, na askari wengi wakafa wakitafuta pumzi. Katika chumba kidogo chenye dirisha moja, watoto wetu wasingehitaji vita ili waumie. Wasomaji wapenzi, mkisahau yote mengine katika maandishi haya, msisahau hili: siki siku yake, javeli siku yake, na katikati yake suuzeni kwa maji mengi. Mambo mawili mema yaweza kuzaa baya yakikutanishwa kwa pupa.

Vile vidonda vya samaki waliokufa vilitupa mashaka mengine. Uko ugonjwa wa samaki ulio ndugu wa kifua kikuu; kijidudu chake kilitambuliwa na Aronson mwaka 1926 katika samaki waliokufa huko Philadelphia, Marekani. Kijidudu hiki huweza kuingia katika mkono wa mtu wenye mkwaruzo na kuleta kidonda kisichopona upesi. Ni kigumu kuliko wenzake, na javeli haikiwezi upesi. Kwa sababu hiyo, baada ya kioo kukauka, tulikipangusa kwa spiriti ya asilimia 70, mbali na moto. Na hakuna mtoto mwenye jeraha aliyeruhusiwa kutia mkono. Wenye kusafisha walivaa glavu.

Kisha tukaliachia jua kazi yake. Sanduku na mawe vilikaa nje juani wiki nzima. Wadudu wengi wa samaki hawawezi kuishi pasipo maji, na klorini iliyobaki hupotea kwa hewa na jua. Alama yetu ilikuwa pua: maadamu harufu ya javeli yasikika, kazi haijaisha. Wenye haraka huko mijini hutumia thiosulfati, ile chumvi ya wapiga picha wa zamani, ambayo huiondoa klorini mara moja; sisi tulikuwa na jua, nalo halina bei.

Jambo jingine ni maji machafu ya kuoshea. Tuliyamwaga katika shimo kwenye nchi kavu, mbali na mto. Katika maji ya sanduku mwaweza kuwamo mayai ya konokono, vipande vya majani, na magonjwa yaliyotoka nchi nyingine. Wazee wetu wanalikumbuka gugu-maji, lile lenye maua mazuri ya zambarau. Lilitoka Amerika ya Kusini, likapendwa kwa uzuri wake, na katika miaka ya 1950 likaenea juu ya mto Kongo hata kuzuia mitumbwi na meli. Yatokayo Luvua huingia Lualaba, na yatokayo Lualaba huingia Kongo. Mtu wa Piana-Mwanga amwagapo kitu mtoni, amemmwagia jirani asiyemjua jina.

Siku ya kujaribu, tuliliweka sanduku nje juu ya meza imara, tukatandaza gazeti chini yake, tukalijaza, tukaliacha siku 3. Siku ya pili gazeti lililowa pembeni. Gundi ya zamani ilikuwa imechoka. Kijana wetu alitaka kupaka gundi mpya ya silikoni juu ya ile ya zamani, lakini fundi alikataa: silikoni mpya haishiki vizuri juu ya ya zamani. Ilibidi kuikata yote katika kiungo kile, kupangusa kioo kwa spiriti, kisha kutia mpya, ile isiyochanganywa na dawa ya kuzuia ukungu. Gundi hiyo ikikauka hunuka kama siki. Tulingoja mpaka harufu ikaisha kabisa, ndipo tukajaribu tena. Gazeti likabaki kavu.

Sasa, wasomaji, sanduku lilikuwa safi kuliko lilivyokuwa siku liliponunuliwa. Watoto walishangilia, wakataka samaki. Lakini palikuwa na hatari iliyokuwa bado, nayo ndiyo kubwa kuliko zote, na watu wachache huijua: chombo kilicho safi kabisa, na kitupu, hakimfai samaki.

Sababu yake ni hii. Samaki hutoa uchafu wake majini, nao hugeuka amonia, ambayo ni sumu kwake. Mtoni, viumbe vidogo visivyoonekana huigeuza amonia kuwa kitu kingine, na hicho tena kuwa kitu kisicho na madhara makubwa, ambacho majani hukila. Mrusi Sergei Winogradsky ndiye aliyevifahamisha viumbe hivyo vizuri, mwaka 1890, alipokuwa Zurich. Hukaa juu ya mawe, juu ya mchanga na ndani ya chujio. Nasi tulikuwa tumeviua vyote pamoja na vile vibaya, maana javeli haichagui. Samaki akiingia katika nyumba isiyo na watumishi hao, atakufa kwa uchafu wake mwenyewe, na maji yatakuwa maangavu kama kioo.

Ilitupasa, basi, kungoja wavumilivu hao waje na kukaa. Tulitia mchanga, mawe, majani ya majini tuliyoyachambua moja moja, na sponji mpya. Tukaiendesha pampu kwa nguvu ya bamba dogo la jua. Kila siku tukatia chembe chache za unga, uoze, uwe chakula chao. Hivi kwa wiki 6. Kwa wiki 6 watoto wa mafundisho walitazama sanduku lisilo na samaki. Wengine walituita watu wa ajabu, wenye kuwafugia watu maji. Haraka haraka haina baraka. Lakini kusema methali ni rahisi, kuishi nayo ndiyo kazi.

Baada ya wiki 6 tulitia samaki 3 wadogo, wala hatukuzidisha. Pampu ikisimama usiku mzima kwa kukosa nguvu, asubuhi twaitoa sponji na kuisuuza katika ndoo ya maji ya sandukuni kabla ya kuiwasha, kwa maana viumbe wale wema hufa wakikosa hewa, na maji yaliyolala humo huwa sumu. Wote watatu wangali hai tunapoandika maneno haya. Na zile bidoni husafishwa Jumamosi mara moja kila mwezi, kwa mchanga na javeli, na mama yule ndiye mkaguzi. Hapokei neno la mtu. Huchungulia mwenyewe, na kuingiza kidole.

Katika Injili ya Matayo, sura ya 12, Bwana wetu Yezu Kristu ametupa mfano wa nyumba. Pepo mchafu alitoka, nyumba ikafagiwa na kupambwa, lakini ikabaki tupu. Akarudi yeye na wenzake saba, na hali ya mwisho ikawa mbaya kuliko ya kwanza. Tumeusikia mfano huo mara nyingi kanisani. Sisi twakiri kwamba tumeuelewa zaidi tulipokaa mbele ya kioo kilichofagiwa, tukijua ya kuwa atakayeingia humo sasa atakufa.

Kwa maana mambo ya roho nayo yaenda kwa taratibu hiyo. Wako wanaopaka rangi mpya juu ya gundi iliyochoka: hubadili mavazi na maneno, na kiungo kilekile huvuja. Wako wanaomwaga javeli juu ya utelezi: hukimbilia sakramenti ya Kitubio mara kwa mara, bila kukitikisa chombo, bila kujiuliza kilikuwa na nini na kilikaa na nani. Wako wasiotaka kuitupa sponji, yaani tabia au urafiki ambao umekwisha kunywa sumu. Na wako wengi, watu wema, wanaotoka katika Kitubio safi kabisa, wakaiacha nyumba tupu. Hawatii humo sala ya asubuhi, wala kazi ya upendo, wala kusoma Neno la Mungu. Wanashangaa, kabla ya mwezi kwisha, kuona maji yamewaua. Neema ya Mungu hutusafisha mara moja. Lakini desturi njema, zile ndogo zisizoonekana, huja polepole na kukaa juu ya mawe ya kila siku, na hizo ndizo zinazoyageuza machungu yetu yasiwe sumu.

Tena tusilisahau swali la yule mama. Mkristo akiwatafutia samaki maji safi na kumwacha mtoto wa jirani anywe utelezi, kioo chake kitamshuhudia. Palipo na javeli ya sanduku, ipatikane kwanza ya bidoni. Anayeweza kungoja wiki 6 kwa ajili ya samaki 3, anaweza kuamka mapema Jumamosi moja kwa ajili ya maji ya watoto.

Basi, ndugu msomaji, leo kabla ya kwenda kuchota maji, fungua kizibo cha bidoni yako, uigeukie nuru, uchungulie ndani. Usiridhike na kuta za nje. Na ukisha kuisafisha, usiiache tupu: ijaze maji mema, uifunike vizuri, umpe kwanza aliye mdogo.